Land Rover kuukuu: Jinsi ya kufufua usukani uliolegea

DEREVA anayeshuka mteremko wa Mai Mahiu katika Land Rover iliyoundwa miaka ya 1960 hufahamu mapema kwamba mikono yake haina mapumziko. Huuzungusha usukani kidogo upande wa kulia, gari lisitii. Huuzungusha tena, na mara hii gari hutii kupita kiasi. Lori likijitokeza kutoka upande wa pili, umbali uliopo kati ya salama na maafa huwa ni huo ulegevu wa sentimita chache tu mikononi mwake.

Wengi wa wamiliki wa magari haya wameuzoea ulegevu huo hata wakaufanya kuwa tabia ya Land Rover. Si tabia hata kidogo. Gari hilo lilipotoka kiwandani usukani wake ulikuwa mzito, hilo halina ubishi, lakini lilikuwa likienda kule lilikoelekezwa. Linalokera zaidi ni tiba inayopendwa na mafundi wengi: kukaza skrubu moja iliyo ubavuni mwa sanduku la usukani, kupokea malipo na kumwachilia mteja aende zake. Kwa siku chache usukani huonekana kupona. Baadaye hurudia hali yake ya awali, au vibaya zaidi, hukwama gari likiwa katikati ya kona.

Land Rover ya kwanza ilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari mjini Amsterdam, Uholanzi, Aprili 30, 1948. Series II ilifuata mwaka wa 1958, Series IIA mwaka wa 1961, na Series III ikaanza kuundwa mwaka wa 1971 hadi 1985. Nchini Kenya magari haya yaliwabeba maafisa wa utawala, polisi, walinzi wa wanyamapori na wakulima wa mashamba makubwa, na mengine yaliunganishwa humu nchini katika kiwanda cha Leyland Kenya mjini Thika, ambacho baadaye kilibadilishwa jina na kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Yaliyosalia yako katika makundi mawili. Kuna yanayoendelea kubeba maziwa na mbolea, na kuna yaliyopakwa rangi upya na kupelekwa katika mashindano ya magari ya kifahari na ya kale, Concours d'Elegance, yaliyoanza jijini Nairobi mwaka wa 1970. Usukani haubagui kati ya makundi hayo mawili.

MSURURU WA VIUNGO

Anayetaka kuukarabati usukani wa gari hili sharti kwanza afahamu njia ambayo nguvu ya mikono ya dereva hupitia hadi kufika kwenye magurudumu. Njia yenyewe ni ndefu kuliko ilivyo katika magari mengi madogo, na kila kiungo kilicho humo kinaweza kulegea.

Usukani umefungwa juu ya mhimili wa chuma uliomo ndani ya bomba. Mwisho wa mhimili huo, upande wa chini, umechongwa mifereji mithili ya parafujo na kuingizwa katika sanduku la usukani. Juu ya mifereji hiyo hutembea nati kubwa. Hata hivyo nati haigusani na mhimili moja kwa moja, kwani kati yao zipo gololi ndogo za chuma zinazobingirika na kurudishwa mwanzo kupitia kijibomba kilichopinda, kisha zikabingirika tena. Ni ubunifu wa kupendeza: kile ambacho kingesuguana hubingirika. Nati inapopanda au kushuka, huisukuma shafti fupi iliyolala ubavuni, na shafti hiyo huuzungusha mkono wa chuma ulio nje ya sanduku.

Mkono huo husukuma chuma kirefu kinachoelekea mbele ya gari, karibu na rejeta. Huko kuna kifaa kiitwacho rilei, ambacho ni shafti iliyosimama wima ndani ya bomba la chesisi, ikiwa na mkono mmoja juu na mwingine chini. Mkono wa chini huvuta chuma cha pili hadi kwenye gurudumu moja, na chuma cha tatu, ile tairodi yenyewe, huliunganisha gurudumu hilo na mwenzake. Vyuma hivyo vitatu vina bolijointi sita kwa jumla, mbili kwa kila kimoja. Mwishoni zipo kingipini, ambazo magurudumu huzunguka juu yake.

Kwa hivyo ulegevu ambao dereva huuhisi mikononi ni jumla ya ulegevu wa sehemu nyingi ndogo. Bolijointi sita zilizolika nusu milimita kila moja zaweza kuufanya usukani uchezecheze hata kama sanduku ni jipya kabisa. Ndiyo sababu anayeanza kwa kufungua sanduku huwa ameanza mwisho wa kazi.

KUTAFUTA KASORO KABLA YA KUSHIKA SPANA

Uchunguzi unahitaji watu wawili na nusu saa. Mmoja huketi penye usukani, magurudumu yakiwa chini na yameelekezwa mbele, akawa anauzungusha usukani kidogo kushoto na kulia bila kukoma. Mwenzake hulala chini na kutazama, au heri zaidi hugusa kila kiungo kwa kidole, kwa kuwa kidole hutambua mtikisiko ambao jicho haliuoni. Penye kiungo ambapo upande mmoja hutangulia kusogea kabla ya upande wa pili, hapo ndipo penye ugonjwa.

Halafu gurudumu huinuliwa kwa jeki, chesisi ikaegemezwa kwenye stendi imara wala si mawe. Gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, kasoro iko kwenye kingipini au kwenye beringi za gurudumu. Ili kutofautisha, mtu wa pili hukanyaga breki: mchezo ukitoweka, lawama ni ya beringi za gurudumu, ukibaki, kingipini zimelika. Land Rover ambayo usukani wake hutetemeka vibaya baada ya kupita shimo mara nyingi huugua hapa, na hakuna kiasi cha kukaza sanduku kitakachoiponya.

Rilei hupimwa kwa kutenganisha vyuma vyake na kuuzungusha mkono wake peke yake. Inapaswa kuwa ngumu kiasi, na ugumu huo uwe sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikizunguka kwa urahisi kama bawaba ya mlango, imelika. Isipozunguka kabisa, imekauka mafuta na pengine imeshikana na kutu.

Baada ya hayo yote, ndipo macho huinuliwa hadi kwenye sanduku. Iwapo usukani unazungushwa na mkono wa sanduku hausogei papo hapo, au mhimili unapanda na kushuka dereva anapouvuta kuelekea kifuani, basi sanduku lazima lifunguliwe.

RILEI NA SPRINGI YAKE

Hapa onyo linastahili kutangulia maelezo. Ndani ya rilei mna springi nene iliyobanwa kwa nguvu kubwa, ikizisukuma bushi zilizogawanywa vipande dhidi ya shafti. Bushi hizo ndizo huleta ule ugumu unaotakikana. Rilei ikitolewa kwenye bomba lake na shafti ikapigwa nyundo itoke, vipande hivyo na springi hufyatuka kama risasi. Wapo waliovunjika vidole na wapo walioumia usoni. Anayelazimika kuifungua huifunga ndani ya gunia zito na kuielekeza mbali na watu, wala hainamishi uso wake juu yake. Wakati wa kuirudisha, vipande hubanwa kwa mikanda ya chuma kama ile inayofunga mipira ya maji ya rejeta, kisha hutelezeshwa ndani ya nyumba yake huku mikanda ikisukumwa nje pole pole.

Kwa mtu asiye na uzoefu, kununua rilei nzima iliyokwisha kuunganishwa ni busara kuliko kujaribu ushujaa. Kuing'oa ile ya zamani kutoka kwenye chesisi ni kazi tosha, kwa maana miaka 50 ya matope na maji huishikamanisha na bomba lake barabara. Mafuta ya kulegeza kutu humiminwa jioni, yakamiminwa tena asubuhi, na haraka huwekwa kando.

Rilei hujazwa mafuta kupitia tundu la boliti moja ya juu, huku boliti nyingine ikiwa imefunguliwa ili hewa itoke. Mafuta hushuka taratibu mno. Yeyote aliyedhani imejaa baada ya dakika moja ameijaza hewa.

KUFUNGUA SANDUKU

Mhimili na sanduku hutolewa pamoja kama kitu kimoja. Mara nyingi madigadi ya upande wa dereva hulazimika kuondolewa kwanza. Hilo huwashtua wenye magari, ingawa madigadi ya Land Rover yamefungwa kwa boliti tu na kuyaondoa si balaa. Nyaya za honi hutenganishwa, usukani ukavuliwa, na kibano kinachoushikilia mhimili chini ya dashibodi kikalegezwa.

Mkono wa sanduku ndio hujaribu subira ya fundi. Umekaa juu ya meno madogo ya shafti na kukazwa kwa nati kubwa, na miongo kadhaa imeufanya uwe kama umezaliwa hapo. Huondolewa kwa kifaa cha kuvutia kiitwacho pula, baada ya kutiwa alama ili urudi kwenye meno yale yale. Kuupiga nyundo ni kosa kubwa. Pigo hilo hupita kwenye shafti na kuziumiza gololi na njia zake ndani ya sanduku, na ufa mdogo usioonekana katika mkono huo siku moja hukatika barabarani.

Sanduku likiwa juu ya meza, mafuta humwagwa. Yakitoka meusi yenye chembe za chuma zinazometameta, habari si njema. Katika masanduku mengi hutoka grisi badala ya mafuta, kwa sababu sili ya chini ilipoanza kuvuja, mtu fulani aliona ni rahisi kusindilia grisi kuliko kubadilisha sili. Grisi nzito husukumwa kando na nati mara ya kwanza tu inapopita, wala hairudi. Gololi hubaki zikitembea kavu. Sili ya bei ndogo ikiwa imeokolewa, mhimili mzima unakuwa umepotea.

Kifuniko cha ubavuni chenye skrubu ya kurekebishia huondolewa na shafti fupi ikavutwa nje. Kisha hufunguliwa boliti zinazounganisha bomba la mhimili na sanduku. Katikati yao kuna vipande vya bati jembamba sana viitwavyo shimu. Hivyo huhifadhiwa kwa uangalifu, kwani ndivyo vinavyoamua jinsi beringi za mhimili zitakavyobanwa. Beseni pana lenye kitambaa chini huwekwa kabla ya kuutoa mhimili wenyewe, maana gololi zitadondoka. Huhesabiwa zote, za nati peke yake na za beringi ya juu na ya chini peke yake, na hesabu hiyo ikaandikwa. Kuna masanduku ambayo fundi wa awali alipoteza gololi moja na akanyamaza.

Mhimili ukishasafishwa kwa mafuta ya taa, mifereji yake hukaguliwa kwenye mwanga mzuri. Gari husafiri muda mwingi likielekea mbele, kwa hivyo uharibifu huwa katikati: vidonda vidogo na ngozi ya chuma iliyobanduka, huku sehemu za mwisho zikiwa ziking'aa kama mpya. Kucha ikipitishwa juu ya mfereji na ikakwama, mhimili huo umekwisha. Hapo ndipo siri ya ile skrubu ya ubavuni hufichuka. Anayeikaza mpaka ulegevu wa katikati uishe huwa amezibana kupita kiasi zile sehemu za mwisho ambazo hazikulika. Usukani hukakamaa unapokatwa kabisa na haujirudishi wenyewe baada ya kona.

Mhimili uliolika haufufuki kwa kujazwa chuma na kuchongwa upya. Chuma chake kimepewa ugumu maalumu juu juu, na joto la kuchomelea huuondoa ugumu huo. Kanuni hii haina msamaha kwa sehemu yoyote ya usukani: hakuna kuchomelea mhimili, mkono, rilei wala bolijointi, hata fundi awe hodari kiasi gani. Sehemu iliyolika hubadilishwa. Vipuri vya magari haya bado huundwa ng'ambo, na masanduku ya mitumba hupatikana mara kwa mara katika maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan. Ubora hutofautiana sana. Mhimili wa zamani usio na vidonda huwa na thamani kuliko mpya uliochongwa kwa pupa, na mnunuzi mwerevu huenda dukani na ule wake wa zamani ili alinganishe.

KUUNGANISHA UPYA

Gololi zote hubadilishwa kwa pamoja au zisibadilishwe kamwe. Gololi mpya moja kati ya zilizolika itakuwa kubwa kuliko wenzake kwa kiasi kidogo mno, nayo itabeba mzigo wote peke yake hadi iharibu mfereji. Vikombe vya beringi hubadilishwa vilevile. Kile kilichoketi chini kabisa ya sanduku hakina pa kushikwa, na njia ya kistaarabu ya kukitoa ni kulipasha sanduku joto pole pole na kuligongesha kwenye ubao kikadondoka chenyewe. Bushi za shafti fupi, zikiwa zimepwaya, huondolewa na mpya kuingizwa, kisha tundu lake hupanuliwa kwa kifaa maalumu hadi shafti izunguke bila kuchezacheza. Kazi hiyo hupelekwa kwa mwenye mashine za kukerezea. Sili huwekwa mwisho.

Gololi hushikiliwa mahali pake kwa grisi kidogo wakati mhimili unapoingizwa, na matumizi ya grisi katika sanduku hili yaishie hapo. Bomba hurudishwa pamoja na shimu zake, boliti zikakazwa, na mhimili ukazungushwa kwa vidole. Ukipanda na kushuka, shimu moja huondolewa. Ukiwa mgumu au ukikwaruza, moja huongezwa. Huenda zoezi hili likarudiwa mara nne au tano. Ndilo lililo kiini cha kazi yote, na anayelipuuza angekuwa ameokoa fedha zake kwa kuacha sanduku lilivyokuwa.

Baadaye mhimili huzungushwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku mizunguko ikihesabiwa, ukarudishwa nusu ya hesabu hiyo ili uwe katikati. Skrubu ya ubavuni hurekebishwa katika hali hiyo tu: hukazwa hadi ulegevu utoweke, kisha mhimili ukapitishwa mwendo wake wote kuhakikisha haukwami popote, na nati ya kuifungia ikakazwa. Mafuta ya giaboksi ya aina ya EP 90 ndiyo humiminwa.

Sanduku linaporudishwa garini, boliti zote huachwa zikiwa zimelegea kwanza, mhimili ukajikalia wenyewe bila kupindwa, ndipo zikakazwa, za chini zikitangulia na kibano cha dashibodi kikifuata. Mhimili uliolazimishwa kuingia mahali pake hula beringi yake ya juu kabla mwaka kwisha. Boliti za kuzuia magurudumu yasikate kupita kiasi, zilizo kwenye ekseli, nazo hukaguliwa. Zikikosekana, sanduku ndilo hugeuka kuwa kizuizi, na halikuundwa kwa kazi hiyo. Tairodi hurekebishwa mpaka magurudumu yaelekeane ndani kidogo kwa mbele, baina ya milimita 1.2 na 2.4. Wale wenye matairi mapana ya fahari, ambayo gari halikuyajua lilipoundwa, wasishangae usukani ukibaki mzito.

Wamiliki wa Series III wana jambo moja zaidi. Kufuli ya swichi imefungwa kwenye mhimili, kwa boliti ambazo vichwa vyake hukatika zinapokazwa ili mwizi asizifungue. Kufuli iliyorudishwa kiholela kwa waya au boliti fupi yaweza kuuziba usukani gari likiwa mwendoni.

MKUKI MBELE YA DEREVA

Kipo kitu ambacho ukarabati huu hauwezi kukibadilisha. Mhimili wa gari la enzi hizo ni chuma kimoja kilichonyooka, kinachoelekea kifua cha dereva. Katika ajali ya ana kwa ana hugeuka kuwa mkuki. Kampuni ya General Motors ilianza kuweka mihimili inayojikunja inapogongwa katika magari yake ya mwaka wa 1967, na sheria za usalama za Marekani zikalazimisha ulinzi wa aina hiyo kwa magari yaliyoundwa kuanzia Januari 1, 1968. Land Rover za Series II na IIA zilizojaa vijijini hazina ulinzi huo. Mwenye gari la namna hiyo anayeona vigumu kugharimia mkanda madhubuti wa usalama na usukani usiolegea, ilhali amelipia rangi mpya, amepanga mambo yake kinyume.

Jaribio la kwanza hufanywa uwanjani, kwa mwendo wa kutembea, usukani ukikatwa kabisa pande zote mbili huku mtu mwingine akitazama kama mipira ya breki inagusa matairi. Ndipo barabara tulivu hufuata. Baada ya kilomita 100 hivi gari hurudishwa chini ya macho ya fundi: boliti za sanduku hukazwa tena, nati za bolijointi hukaguliwa, na kila spliti pini hutazamwa kama ni mpya. Pini ya zamani iliyonyooshwa na kurudishwa hukatika kimya kimya, nayo huuzwa kwa bei isiyozidi ya kikombe cha chai.